HATI ZETU ZIKO ULAYA, LAKINI MSOMAJI YUKO WAPI?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa njema zote ni za Allah, aliyemneemesha mwanadamu kwa kalamu na akamfundisha asiyoyajua. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake.

Ama baad.

Ndugu yangu katika imani, darsa ya leo ni ya historia, na ni ndefu kidogo. Itafutie nafasi uisome taratibu. Inakuhusu wewe, inamhusu mtoto wako anayekwenda chuoni kila alasiri, na inahusu lile sanduku la marehemu babu ambalo halijafunguliwa tangu arobaini yake.

MJADALA WA DUNIA

Bila shaka umesikia habari za vitu vya Afrika vilivyomo katika makumbusho za Ulaya. Novemba 2017 Rais Macron wa Ufaransa alisimama Ouagadougou akasema anataka mali hizo zianze kurudi. Mwaka uliofuata wasomi wawili, Felwine Sarr wa Senegal na Bénédicte Savoy wa Ufaransa, wakampelekea ripoti iliyotikisa makumbusho nyingi. Mwaka 2021 Ufaransa ikairudishia Benin vitu 26 vilivyotekwa katika jumba la wafalme wa Abomey. Desemba 2022 Ujerumani ikaikabidhi Nigeria sehemu ya zile sanamu za shaba za Benin City. Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alikwenda Songea, hapa hapa Tanzania, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa wakati wa vita vya Majimaji.

Haya ni mambo makubwa. Aliyedhulumiwa ana haki ya kudai chake, na dini yetu haina shaka katika hilo. Mwenye kuchukua cha mtu kwa dhulma, toba yake haikamiliki mpaka akirudishe.

Na sisi Waislamu tuna kesi zetu katika mjadala huu. Chukua ya Segou, katika nchi inayoitwa leo Mali. Al-Hajj Umar Tall, mwanachuoni aliyekwenda hija na kurudi na elimu, aliuteka mji ule mwaka 1861. Alipofariki, mwanawe Ahmadu akashika dola. Mwaka 1890 jeshi la Kifaransa chini ya Archinard likaingia Segou na kuichukua maktaba yote: fiqhi, tafsiri, lugha, barua. Vitabu zaidi ya 500 vikapelekwa Paris, na mpaka leo vimo katika maktaba ya taifa ya Ufaransa. Upanga unaonasibishwa na Al-Hajj Umar ulikabidhiwa Senegal mwaka 2019. Maktaba ya Segou bado iko Paris.

Hiyo ni dhulma iliyo wazi. Vitabu vilitekwa vitani.

Sasa niulize, nawe ujijibu mwenyewe: hati zetu sisi wa pwani, hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu na mababu zetu wa Pate, Lamu, Mombasa, Kilwa na Unguja, zilifikaje London na Hamburg?

HATI ZETU ZILIKWENDAJE?

Kwanza jua kwamba zilikuwepo. Wako vijana wetu, hata waliomaliza chuo kikuu, wanaodhani Kiswahili kilianza kuandikwa Mzungu alipokuja. Si kweli. Katika nyaraka za Goa, India, zimo barua za mwaka 1711 kutoka Kilwa, za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mwaka 1728 Mwengo wa Athumani alitunga huko Pate Utenzi wa Tambuka, unaosimulia jeshi la Waislamu na Warumi. Sayyid Aidarus akaieleza Hamziya ya Imam al-Busiri kwa Kiswahili, beti kwa beti. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir akatunga Al-Inkishafi, akiionya nafsi yake kwa magofu ya Pate. Na mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alimwandikia binti yake Mwana Hashima wasia wa utenzi ambao hadi leo unasomwa.

Tulia hapo kidogo. Mwaka 1858, mwanamke wa Kiislamu wa pwani, kalamu mkononi, anamuusia mwanawe. Wakati huo hapakuwa na shule ya serikali wala ya misheni katika mji wake. Alipata wapi kuandika? Ni chuoni, kwa herufi zile zile za Qur'ani.

Sasa zilikwendaje? Ndugu yangu, hapa kisa chetu kinaachana na kisa cha Segou.

Mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki karibu mwaka 1840. Mashairi yake yalikuwa vichwani mwa watu na katika karatasi za hapa na pale. Zaidi ya miaka 40 baadaye akatokea mzee mmoja wa Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, akayakusanya, akayaandika na kuyafafanua maneno yake magumu. Aliyemtaka afanye kazi hiyo alikuwa mmisionari wa Kiingereza, William Taylor. Karatasi zikaenda Uingereza, na mwaka 1940 diwani ya Muyaka ikachapishwa Johannesburg. Lau si mzee Sikujua, leo wengi wetu tusingelijua hata jina la Muyaka.

Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa na mkono mzuri wa khati kupita wengi wa zama zake. Alinakili tenzi moja baada ya nyingine kwa ajili ya wataalamu wa Kizungu: Alice Werner, William Hichens, Ernst Dammann. Walimwagizia, naye akaandika. Kazi ya mkono wake leo iko London na iko Ujerumani.

Na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, mtu aliyesomesha Qur'ani kwao, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Kitabu cha desturi za Waswahili kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903 kimejaa maneno yake. Alifariki huko huko Ujerumani mwaka 1927.

Sikwambii kwamba wageni walikuwa malaika. Walikuja na ukoloni, na wengine walikuja na nia ya kuubadilisha Uislamu wa watu hawa. Lakini ukweli usemwe, maana tumeamrishwa kusema haki hata juu ya nafsi zetu: sehemu kubwa ya hati hizi haikutekwa kwa bunduki. Ziliagizwa, zikanunuliwa, zikapewa. Zilikwenda kwa sababu kule alikuwepo aliyeziuliza.

KILICHOBADILIKA NI HERUFI

Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Alitaka Kiswahili kiandikwe kwa herufi za Kilatini, na miongoni mwa hofu zake ilikuwa nguvu ambayo Uislamu ungepata kupitia herufi za Kiarabu. Wajerumani walipoingia Tanganyika walizitumia kwanza herufi za Kiarabu katika barua na maakida, maana hao ndio waliokuwa wanaojua kuandika. Kisha shule za serikali zikaanza kutoa makarani wanaoandika Kilatini, na polepole yule aliyesoma chuoni akahesabiwa kuwa hajasoma.

Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Januari 1930 ikaanza kazi kamati ya lugha ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, ikiendeshwa na wakuu wa elimu wa kikoloni na wamisionari. Vitabu vya shule vikafuata tahajia moja, ya Kilatini.

Masheikh wetu hawakukaa kimya. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianza kutoa jarida la Sahifa mwaka 1930, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Mwaka 1932 akatoa Al-Islah. Tena akazifanyia marekebisho herufi zenyewe, ili sauti za Kiswahili zisizomo katika Kiarabu zipate alama zake. Baadaye Sheikh Yahya Ali Omar, mwana wa Mombasa aliyeishi London, akaendelea kuandika juu ya jambo hilo hilo mpaka uzeeni.

Sasa tusikosee. Je, kuandika kwa Kilatini ni kosa? La. Sheikh Abdallah Saleh Farsy alichapisha tafsiri yake ya Qur'ani mwaka 1969 kwa herufi hizo, na kwa sababu hiyo ikamfikia muumini wa Kigoma, wa Bujumbura na wa Goma ambaye hajui khati ya Lamu. Hata darsa hii unaisoma kwa Kilatini. Ni neema, na neema haikanushwi.

Mtume (s.a.w.) alimwamrisha Zayd bin Thabit (r.a.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, ili awe na mtu mwaminifu wa kumsomea na kumwandikia barua zao. Zayd akajifunza kwa muda mfupi, imepokewa kuwa ni kama nusu mwezi. Lakini zingatia: Zayd huyo huyo ndiye aliyekuja kupewa kazi ya kuikusanya Qur'ani. Alijifunza maandishi ya wengine na ya kwao hakuyaacha. Sisi tulijifunza mapya tukayasahau ya zamani, katika umri wa babu na mjukuu.

ELIMU INAONDOKA VIPI?

Katika hadithi ya Abdullah bin Amr (r.a.), iliyomo kwa Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alitufahamisha kwamba Allah haiondoi elimu kwa kuipokonya vifuani mwa waja. Huiondoa kwa kuwachukua wanazuoni, mmoja mmoja, mpaka watu wabaki na viongozi wasiojua wanaoulizwa wakajibu bila elimu.

Itazame hadithi hiyo kisha urudi kwenye mjadala wa makumbusho. Tuseme kesho meli inatia nanga Lamu, na ndani yake yamo masanduku yote ya hati za London na Hamburg. Tunapiga dufu, tunasoma maulidi, mawaziri wanatoa hotuba. Baada ya hapo nani atafungua ukurasa wa kwanza na kusoma?

Kwa taarifa yako, hati nyingi za Kiswahili zilizoko London zilipigwa picha zamani na kuwekwa kwenye intaneti. Zinatazamwa bure. Ukiwa na simu hiyo hiyo unayosomea darsa hii, unaweza kuziona usiku huu. Picha zimesharudi kiganjani mwako, na bado hatuzisomi.

Dar es Salaam nayo ina hazina. Katika miaka ya 1960 J.W.T. Allen alizunguka pwani kukusanya hati na kanda za sauti kwa ajili ya maktaba ya chuo kikuu, na orodha yake ilichapishwa mwaka 1970. Zipo humu humu nchini, wala huhitaji visa.

NA WALE WALIOZIWEKA?

Huenda ukasema: basi ziachwe huko, wenzetu wana maprofesa wa kuzisoma. Tazama yanayotokea katika vyuo vikuu vyao sasa.

Septemba 2023 bodi ya Chuo Kikuu cha West Virginia, Marekani, ilipitisha kufutwa kwa masomo 28 na nafasi 143 za walimu, na lugha za kigeni zilikuwa miongoni mwa zilizoumia. Novemba 2024 Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, kilitangaza kuacha shahada 6 za kwanza za lugha na dini, mojawapo ikiwa ya Uislamu na Kiarabu. Sababu inayotolewa ni ile ile kila mahali: wanafunzi wachache, fedha hazitoshi.

Mwanafunzi anaulizwa shahada yake itamlipa kiasi gani, na idara isiyojibu vizuri inafungwa. Kabati linabaki na hati zinabaki kwenye baridi yake, lakini yule mzee aliyekuwa akizisoma anastaafu na nafasi yake haijazwi. Ni yale yale tuliyoyaona katika hadithi, safari hii katika nchi tajiri.

Kwa hiyo usitegemee kwamba mwingine atakuhifadhia elimu yako milele. Aliitunza alipokuwa na haja nayo.

MTOTO WAKO ANA NUSU ZOTE MBILI

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize zaidi.

Mzungu akitaka kusoma hati ya Mwana Kupona hujifunza Kiswahili miaka kadhaa, kisha hujifunza herufi za Kiarabu, kisha huanza kuhangaika. Mtoto wako wa miaka 10 anazungumza Kiswahili tangu anyonye. Na amekwisha kuhitimu alifu na bee, anasoma juzuu amma kwa tajwidi. Ana lugha na ana herufi. Hajawahi tu kufundishwa kuzikutanisha.

Ugumu upo, lakini si mkubwa. Kiarabu hakina p, wala v, wala ch, wala ng'. Kina harakati tatu, fat-ha, kasra na dhamma, hali Kiswahili kina irabu tano. Basi mababu zetu wengi waliandika p kwa herufi ya bee, e kwa kasra na o kwa dhamma. Neno "pepo" likatoka kwenye karatasi kama "bibu". Neno "ng'ombe" laweza kuonekana kama "ghubi", kwa ghayn, na ile m ikaachwa. Mgeni akiona "bibu" anakwama. Mtoto wa Kiswahili akiona sentensi nzima, inayosema habari za moto na "bibu", atacheka na kusema: hii ni pepo! Lugha yenyewe inamsahihisha. Huo ndio ufunguo, na Allah amekwisha kuuweka mdomoni mwake.

WALIOTANGULIA KUFANYA

Usiseme haiwezekani. Mwaka 2012 Timbuktu ilipotekwa na wenye silaha, Abdel Kader Haidara na wenzake waliondoa hati kwa maelfu, wakizipitisha katika masanduku ya bati kwa magari na mashua mpaka Bamako. Januari 2013 taasisi ya Ahmed Baba ilitiwa moto, na hati takriban 4,000 zikapotea. Lakini nyingi zaidi ziliokoka, kwa sababu kulikuwa na familia zilizojua thamani ya kilichomo nyumbani mwao.

Karibu zaidi, Msikiti wa Riyadha, Lamu, ulioanzishwa na Habib Swaleh, ulitunza vitabu vyake vya mkono kwa vizazi. Katika miaka ya 2010 vikapigwa picha kwa ajili ya dunia kuviona, na vitabu vyenyewe vikabaki Lamu, mikononi mwa wenyewe. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

UFANYE NINI?

Moja. Lifungue lile sanduku. Ukikuta karatasi kuukuu zenye herufi za Kiarabu, usizichome wala kuzizika kwa kudhani ni juzuu iliyochakaa. Huenda ni utenzi, huenda ni barua, huenda ni hati ya shamba la wakfu ambalo watu wanagombana nalo mahakamani. Sayyidna Uthman (r.a.) aliamrisha kuchomwa kwa zile nakala nyingine baada ya misahafu sahihi kuandikwa na kupelekwa mijini. Kunakili kulitangulia, moto ukafuata. Wewe umenakili nini?

Mbili. Zipige picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, mchana, bila ya mwako wa taa ya simu. Andika zilikuwa za nani na mji gani. Weka nakala kwa ndugu wawili au watatu. Usimuuzie mtu karatasi ya mwisho.

Tatu. Wewe maalim wa chuo, toa nusu saa kwa wiki. Wape wanafunzi waandike majina yao, ya mama zao na ya mtaa wao kwa herufi za Qur'ani. Wakizoea, wape ubeti. Huhitaji kibali cha wizara wala mfadhili.

Nne. Wewe uliye chuo kikuu na unatafuta mada ya utafiti, usikimbilie mada iliyochakaa. Hati ziko Dar es Salaam, ziko katika nyaraka za Zanzibar, ziko Lamu. Na ikiwa bibi yako angali hai na anasoma khati, kaa naye kabla hujakaa na profesa. Profesa anaweza kungoja.

Tano. Dai la kurudishiwa mali zetu tuliendeleze, maana haki haipotei kwa kuchelewa. Ila tulidai tukiwa wasomaji.

Ndugu yangu, baada ya vita vya Yamama, ambapo wasomaji wengi wa Qur'ani waliuawa, Sayyidna Umar alimwendea Sayyidna Abubakar (r.a.) kwa hofu kwamba wakiendelea kufa hivyo, sehemu kubwa ya Qur'ani itaondoka nao. Hakungoja mpaka abaki mmoja. Waliitwa waliohifadhi wangali hai, na Zayd akaanza kukusanya, kutoka vifuani na kwenye vipande walivyoandikia.

Hati zetu si Qur'ani, na hatuzifananishi nayo. Lakini funzo la wakati ni lile lile. Wazee wanaosoma khati ya Kiswahili bado wapo, wachache, katika miji yetu. Kila Ijumaa tunasikia tangazo la mazishi, na hatujui tunazika wangapi kati yao.

Ewe Mola wetu, turehemu wazee wetu waliotuandikia, utusamehe kwa tulichokipoteza, na utujaalie watoto wetu wawe wasomaji wa Kitabu chako na wa kalamu za mababu zao. Aamiin.

Wallahu a'lam.

Msomee mzazi wako darsa hii, kisha muulize juu ya lile sanduku. Na ukiwa na maalim unayemjua, mtumie.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.